Kabla hujaingia majini: ubatizo unaokoa kwa namna gani?

Wengi wanaojiandaa kubatizwa huja na moja ya kauli mbili. Mmoja atasema, "Mimi nimeshaokoka, maji ya nini tena?" Mwingine, "Nilibatizwa nikiwa mchanga, kwa hiyo wokovu ninao." Wote wawili wametenganisha kilichounganishwa katika Marko 16:16: "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Itazame vizuri nusu ya pili. Kinachomhukumu mtu ni kutokuamini.

Mahali pa kuanzia kujifunza ni Warumi 6. Paulo anafundisha kwamba tuliobatizwa tumezikwa pamoja na Kristo katika kifo chake, ili tuishi maisha mapya kama yeye alivyofufuka. Petro naye anaandika waziwazi kwamba ubatizo unaokoa, kisha papo hapo anaeleza: si kwa kuondoa uchafu wa mwili, ni kwa dhamiri safi mbele za Mungu, kwa kufufuka kwake Yesu. Nguvu inatoka msalabani na kaburini. Ndani ya maji mtu anaunganishwa nayo kwa imani. Ndiyo maana Simoni mchawi wa Samaria alibatizwa kama wenzake, lakini bado akaambiwa moyo wake si mnyofu.

Mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakubatizwa, akaahidiwa peponi siku ileile. Mfano huu hupendwa sana na wanaoahirisha, nami nawasihi wasiutumie hivyo, maana yule hakuwa na nafasi na wao wanayo. Wasome habari za Kornelio, akida wa Kirumi, katika Matendo 10. Roho Mtakatifu aliwashukia yeye na watu wake kabla ya maji, ila Petro hakuona kwamba yatosha. Aliamuru wabatizwe.

Makanisa hayafundishi sawa katika hili. Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana na Walutheri hubatiza watoto wachanga, kwa kuwa neema ya Mungu humtangulia mtu kabla hajaweza kujibu. Wabaptisti, Waadventista na Wapentekoste walio wengi husubiri mtu aungame imani kwa kinywa chake. Mwulize katekista au mchungaji wako swali hili moja kwa moja: ubatizo huu unanipa nini, na unanidai nini? Usikubali kubatizwa kabla hujalielewa jibu.

Siku yenyewe, sikiliza maneno. "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Hayachezewi. Mwaka 2020 Vatikani ilitamka kwamba aliyebatizwa kwa maneno "Sisi tunakubatiza" hakubatizwa, na inabidi abatizwe upya. Maji nayo yawe maji halisi, yatiririke juu ya ngozi ya kichwa, na kwa desturi humwagwa mara tatu. Kugusa paji la uso kwa kidole chenye unyevu hakutoshi. Mgonjwa akiwa hatarini kufa, Kanisa Katoliki linaruhusu mtu yeyote ambatize, mradi atumie maji na maneno hayo na akusudie kufanya kile Kanisa linachofanya.

Kwa ubatizo wa maji mengi, yaani wa kuzamishwa, kina cha kiunoni hadi chini ya kifua kinatosha. Vaa nguo nzito ya rangi iliyokoza, maana nyepesi hushika mwili na kuonyesha ikilowa. Kunja mikono kifuani au ziba pua, legeza magoti, umwachie mbatizaji akulaze chali huku mkono wake ukiwa chini ya mabega yako. Anayekakamaa ndiye huteleza na kumeza maji. Mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo aseme mapema. Na kipaza sauti chenye waya wa umeme kisifike majini kabisa. Ni hatari ya kifo.

Kuhusu kurudia: kanuni ya imani ya mwaka 381 inaungama ubatizo mmoja kwa maondoleo ya dhambi. Ukianguka dhambini baada ya kubatizwa, dawa ni toba. Wanaobatiza waamini watu wazima hawaoni kwamba wanarudia, kwa sababu kwao ule wa utotoni haukuwa ubatizo; basi amua kwa kujua unachokiri, usibatizwe tena kwa sababu tu umehamia kanisa jipya au mahubiri yamekugusa. Pakiwa na shaka ya kweli, hakuna shahidi wala kumbukumbu, lipo tamko la sharti: "Kama hujabatizwa, nakubatiza..."

Shaka hiyo huepukika kirahisi. Kabla hujaondoka, hakikisha jina lako, tarehe, jina la mbatizaji na la msimamizi wako vimeandikwa kwenye daftari la ubatizo la kanisa, kisha ukague herufi za cheti. Makosa ya majina hugunduliwa miaka mingi baadaye, wakati wa kufunga ndoa, na shahidi wa kuyathibitisha huenda ameshafariki.