Hasira ijibiwe kwa mdomo, dai kwa karatasi

Swali la juma lilikuwa hili: "Mteja amekasirika, anasema mtaonana kortini. Mwenye biashara ndogo afanye nini?"

Wengi hukimbilia kujibu "tafuta wakili". Wakili ana siku yake, lakini si siku ile mteja amesimama mlangoni pako akifoka. Mambo huharibika siku ya kwanza, na huharibika kwa sababu mwenye biashara anachanganya hasira na dai. Hasira inataka kusikilizwa leo hii, uso kwa uso. Dai ni la fedha au mali, nalo linataka kupimwa, kuhesabiwa na kuandikwa. Anayejibu dai papo hapo kwa mdomo hujikuta ameahidi asichokiweza. Anayejibu hasira kwa barua humwaga mafuta ya taa kwenye jiko linalowaka.

Nichukue karakana ya milango hapa Lamu, maana mlango wa nakshi una kila kitu cha kuzaa ugomvi: bei kubwa, kazi ya miezi, mbao zinazocheza na hali ya hewa, na mteja ambaye pengine nyumba yake iko kijiji cha Shela na yeye yuko Nairobi. Tuseme mlango wa mvule wa shilingi 80,000. Arbuni imelipwa 40,000, nyingine 25,000 siku ya kufunga, salio 15,000. Miezi mitatu baadaye ubao wa kushoto umepasuka. Mteja anaingia mtaani kwetu Langoni sauti juu, na barazani watu wamekwisha geuza shingo.

Mtoe njiani kwanza. Mpe kiti ndani na maji ya kunywa, wala usimkate kauli mpaka amalize. Kisha mrudishie alichosema: "Bi mkubwa, nimekusikia. Ubao wa kushoto umepasuka kutoka juu hadi katikati, na ulinipigia simu mara mbili sikushika. Pole sana. Kesho baada ya alasiri nitakuja niuone kwa macho yangu, na Alhamisi nitakupa jibu." Humo hamna "kosa ni langu", hamna "nitakurudishia pesa zako", na hamna "mti ndivyo ulivyo". Kosa la simu limekubaliwa kwa sababu ni la kweli na halina gharama. Kiswahili kimetupa neno "pole", ambalo humfikia mtu moyoni bila kukiri lolote. "Samahani" iwekee lile ulilolikosea kwa hakika. Na ukishataja Alhamisi, iwe Alhamisi. Mteja aliyeahidiwa siku ikapita ndiye anayekwenda kwa wakili, hata kama ufa wenyewe ni wa kuzibwa kwa saa mbili.

Siku ya kwenda kutazama, chukua tepu ya kupimia, simu yenye chaji na kitabu cha oda. Piga picha ya mlango mzima, kisha ufa ukiwa na tepu kando yake ili urefu na upana usomeke. Ufa husema wenyewe. Ukinyooka kufuata nyuzi za mti katikati ya ubao, na ukakuta kingo za ubao zimeshikwa kwa gundi au misumari ndani ya fremu, hilo ni la fundi. Mbao hunywea kwa upana zaidi kuliko urefu, kwa hiyo ubao wa ndani ya fremu hukaa katika mfereji wake bila gundi, umeachiwa milimita 2 au 3 kila upande. Ukibanwa pande zote, hauna pa kwenda ila kupasuka. Mbao mbichi huzidisha balaa: kanuni ya zamani ya kukausha kivulini ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na oda ya haraka haimpi mtu mwaka. Lakini ukikuta sehemu ya chini tu imegeuka kijivu na kukwaruza mkono, hiyo ni mvua kwenye mlango usiopakwa mafuta, na matunzo ni ya mwenye nyumba, ikiwa ulimwambia. Na mlango unaokwama kizingitini wakati wa masika haujaharibika. Umevimba, unataka randa.

Mlichokiona kiandikeni hapo hapo, mistari mitano, tarehe na sahihi zenu wote wawili. Andika hali tu: "ufa wa sentimita 62, ubao wa kushoto, haujatokea upande wa pili." Nani mkosa hakuandikwi.

Ndipo uje kwenye hesabu. Ubao mpya 4,000, siku mbili za fundi 3,000, boti na hamali 800, jumla 7,800. Mteja bado anadaiwa salio la 15,000. Hata ukiona kosa ni nusu kwa nusu, kutengeneza kwa gharama yako na kulipwa salio lako siku kazi inapokamilika ni faida kuliko kusafiri kwenda kusikiliza kesi. Jibu la Alhamisi liwe kwa maandishi, fupi, lenye unachotoa, lini, na unachotarajia kutoka kwake. Barua yenye pendekezo la kumaliza mambo iandikwe juu kabisa "bila ya kuathiri haki". Maana yake ni kwamba mkishindwana, pendekezo hilo halitumiki kortini kama ushahidi kwamba umekubali kosa. Barua ya kutoa maelezo ya kawaida haihitaji maneno hayo, wala hayageuzi matusi kuwa siri.

Mkikubaliana, andikeni hati ya maridhiano: majina mawili na namba za vitambulisho, kiasi, kazi itakayofanywa, tarehe, na sentensi moja isemayo kwamba dai lote kuhusu mlango huo limekwisha. Mashahidi wawili. Fedha ipite M-Pesa, na namba ya muamala iandikwe katika hati. Hii sentensi ya kwamba dai limekwisha ndiyo husahauliwa, na mwezi wa pili mteja hurudi na ufa mwingine wa ubao ule ule.

Kuna kinga moja ya uongo ambayo karibu kila duka linayo, ule mstari chini ya risiti: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Mteja aliyebadilisha nia tu unaweza kumwonyesha. Bidhaa ikiwa mbovu, mstari huo hauna nguvu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa na fidia kwa hasara, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 hairuhusu ujiandikie msamaha wa wajibu huo. Sheria hiyo hiyo inagusa kadirio la bei: ukiandika kadirio la 20,000, huwezi kudai zaidi ya asilimia 10 juu yake, yaani 22,000, ila mteja akikubali kazi ya ziada. Fundi bomba na mafundi injini za boti huumia sana hapa, kwa kuwa ubovu wa pili huonekana baada ya kufungua. Simamisha kazi, piga picha, mtumie, ngoja aandike "sawa, endelea".

Barua ya wakili ikija, usitishike na nembo. Ni barua ya madai, si amri ya korti. Soma vitu vinne: nani anadai, anadai nini, kwa msingi gani, na amekupa siku ngapi. Jibu ndani ya siku hizo hata kama jibu lenyewe ni kukana, maana ukimya ndio unaoipeleka kesi mbele na kuongeza gharama. Tazama pia umetajwa vipi. Jina la biashara lililosajiliwa si mtu mbali na wewe: deni la "Karakana Fulani" ni deni lako, na nyumba yako na boti yako vimo. Kampuni ndiyo iliyo na nafsi yake kisheria.

Hati ya wito kutoka kortini ni jambo jingine kabisa, hiyo haiwekwi chini ya godoro. Usipojibu kwa muda ulioandikwa humo, hukumu inaweza kutolewa bila wewe. Madai ya hadi shilingi 1,000,000 huweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016. Kesi humo inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria za ushahidi hazikazwi kama kwingineko. Usijitetee tu, na lile salio la 15,000 liingize kama dai lako dhidi yake katika jibu hilo hilo. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria peke yake, kwa hiyo picha au risiti uliyoiacha nyumbani usitegemee kuipeleka huko. Meseji usizifute na simu usiiuze kesi ikiwa hai. Picha ya skrini pekee ni rahisi kupingwa.

Kwa Kadhi msipelekane. Mahakama ya Kadhi ni ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu. Sulhu ya wazee wa mtaa ni sawa kabisa, na Katiba yenyewe katika kifungu cha 159 inahimiza upatanishi, ila mkitoka hapo andikeni hati ile ile ya mashahidi wawili.

Wapo wateja wanaokwenda polisi wakisema umechukua fedha kwa udanganyifu. Kosa hilo katika sheria ya jinai linahusu uongo juu ya jambo lililopita au lililopo: kusema mbao ziko stoo na hazipo. Kuahidi kumaliza kabla ya Idi na kushindwa ni deni, si jinai. Ndiyo maana usimwambie mteja "kazi imeshaanza" na haijaanza, hata kwa kumtuliza. Kineno hicho kimoja kinaweza kuligeuza deni kuwa jinai. Ukiitwa kituoni nenda na kitabu cha oda, na usitie sahihi ahadi ya kulipa ukiwa umezungukwa. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24.

Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, jibu mara moja tu: "Nimeliona lalamiko, nimewasiliana naye, tunalishughulikia." Usitume picha ya mteja wala namba yake, hata kama anadaiwa. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na picha hiyo haikuwa hata ya kumsema vibaya.

Yote haya yanasimama juu ya kitabu cha oda chenye karatasi ya kaboni, nakala moja ya mteja. Ukurasa mmoja kwa oda moja: vipimo, aina ya mti, mchoro wa nakshi, tarehe ya kukabidhi, bei, arbuni na kama inarudishwa mteja akighairi. Mafundi wengi huona arbuni haijadiliwi, wateja wengi huona ni fedha yao, na wote hawajaandika. Andika pia matunzo: mafuta mara ngapi kwa mwaka. Dai la mkataba huweza kufunguliwa hadi miaka 6, kwa hiyo vitabu vya zamani usivifungie vitumbua. Kwa chumvi na mchwa wa kisiwani, karatasi haikai miaka 6. Kila mwisho wa wiki piga picha kurasa mpya na ujitumie kwa barua pepe.

Msomaji, Langoni, Lamu