Hiyo 35.5 ya klorini haina nusu nyutroni ndani yake

Mdogo wangu ulouliza kwanini uzito wa atomi ya klorini umeandikwa 35.5 kama vile kuna nyutroni imekatwa nusu, na kwanini sodiamu ikipoteza elektroni masi namba inabaki 23 ile ile, nakujibu mie kwa sababu yashanikuta.

Nlikuwa fomu tuu Wete, tukaulizwa ioni ya sodiamu, yaani sodiamu ilopoteza elektroni, ina masi namba ngapi, mie nkaandika 22, si elektroni moja imeondoka? Kosa kubwa jekundu, na mwalimu hakunieleza kitu, kasema kariri tu. Nlikuja kuelewa msimu wa karafuu, nimefatana na ami yangu kwenda kuuza, gunia liko juu ya mzani na mtu anadokoa karafuu mbili tatu anatia mdomoni, mshale hata hautikisiki.

Atomi ina chembe tatu, protoni na nyutroni ziko katikati kwenye kiini, elektroni ziko nje yake. Sasa chukulia protoni ni gunia la kilo 50. Nyutroni nayo gunia, imezidi kama gramu 70 tu. Elektroni je? Gramu 27! Konzi ya karafuu, maana ni sehemu moja kati ya 1836 ya protoni. Masi namba inahesabu magunia peke yake, konzi hazihesabiwi kabisa, kwa hiyo sodiamu ina protoni 11 na nyutroni 12, 23, basi. (Ukipima kiini chenyewe kwa makini utakuta kimepungua kidogo kuliko chembe zake ukizipima mojamoja, kuna nishati ilotoka pale ziliposhikana, lakini hiyo huulizwi saivi.)

Sasa njoo kwenye chaji, na hapa ndo mie pananishangaza mpaka leo wallahi, ile konzi ya gramu 27 ina chaji sawasawa na gunia zima, tafauti ni alama tu, protoni chanya elektroni hasi. Kwa hiyo kwenye chaji konzi inahesabika kama gunia. Sodiamu ikitoa elektroni moja inabaki na protoni 11 kwa elektroni 10, chanya moja, lakini magunia yako pale pale 23. Nyutroni yeye hana chaji, mzito lakini kimya, ndo maana alichelewa kujulikana, mwanasayansi Thomson kaiona elektroni 1897 na mwenziwe Chadwick kampata nyutroni 1932.

Haya 35.5. Klorini zote zina protoni 17, ikizidi au ikipungua hata moja si klorini tena. Ila nyutroni zinatafautiana, nyengine 18 nyengine 20, yaani 35 na 37, na kwa makadirio kila nne, tatu ni za 35 na moja ya 37. Jumlisha 35 mara tatu, 105, tia 37, 142, gawa kwa nne, 35.5. Ni kama samaki wanne kwenye fungu, hata mmoja hana uzito huo wa wastani. Na chumvi unayotia kwenye mchuzi imo klorini ya aina zote mbili, ulimi haujui tafauti, maana kemia inakwenda na elektroni na protoni.

Jaribu magineziamu, protoni 12 nyutroni 12, imetoa elektroni mbili. Ukipata masi namba 22 njoo tuchekane.