Ukuta wa kizazi kuwa mnene si lazima iwe saratani

Dada wa Kongwa, pole na mama. Unasema alikoma hedhi miaka kadhaa iliyopita, sasa ameona damu, na ultrasaundi imeonyesha ukuta wa ndani wa kizazi umenenepa. Ultrasaundi haiwezi kukwambia kama ni saratani. Inabidi daktari wa wanawake achukue kinyama kidogo cha ukuta huo kikapimwe maabara. Mleteni Dodoma mjini, hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa, muulizie kipimo hicho.

Majibu yakitoka, ulizeni kwanza: seli za ukuta huo zimebadilika kuwa zisizo za kawaida au la? Kama hazijabadilika, uwezekano wa kugeuka saratani ni chini ya asilimia 5 katika miaka 20. Hapo hutumika homoni ya projesteroni, vidonge au kitanzi chenye homoni, kisha anapimwa tena baada ya miezi 6 hivi. Zikiwa zimebadilika, kwa umri wake huenda akashauriwa kutoa kizazi. Msianze kuzunguka na mitishamba.

Kinachonenepesha ukuta ni homoni ya estrojeni isiyo na projesteroni ya kuidhibiti. Mafuta mwilini hutengeneza estrojeni hata hedhi ikishakoma, kwa hiyo kama ana uzito mkubwa, kuupunguza ni sehemu ya tiba kabisa, na sukari nayo iangaliwe.

Halafu kile kipimo cha mlango wa kizazi alichoambiwa yuko safi (wengi hujichanganya hapa) hakikuangalia ukuta huu. Damu baada ya kukoma hedhi, hata tone moja kwenye kanga, ni ya kwenda hospitali.