Usiandike bango lote kwa fonti ya Old English, tena kwa herufi kubwa tupu

Simama hapohapo, mkuu. Usimlipe huyo fundi. Unasema unafungua saluni ya kiume Mafinga, unataka KINYOZI MAKINI iandikwe Old English, ule mtindo wa herufi za kizamani zenye mikunjo, herufi kubwa mwanzo mwisho, rangi ya dhahabu juu ya nyeusi, halafu unauliza bora bati au turubai. Hayo mengine ngoja kwanza. Hizo herufi kubwa tupu ndizo zitakazokumaliza.

Nilikuwa na mgahawa Uyole, barabara ya malori yanayokwenda Tunduma. MAMA AMANI MGAHAWA. Kijana wa steshenari akanifungulia kompyuta, akanionyesha hiyohiyo Old English, "Mama, hii ndiyo yenye hadhi, hata vyeti wanaandikia hii." Nikalipa 280,000: bati, rangi, nguzo. Wiki ya pili mteja aliyeagiza chakula cha watu 12 ananipigia, "Dada, nipo Uyole, mbona sikuoni?" Natoka nje, namkuta ng'ambo ya barabara ameliangalia bango langu. Mwalimu yule, si mtu wa kushindwa kusoma! Ukungu wa Juni ukishuka ndiyo kabisa, unaona weusi tu umesimama kwenye nguzo. Miezi minne nikaling'oa, nikalipia jingine. Yule kijana bado ananiuma rohoni. Alijua kuchagua fonti kwenye orodha, hakujua ni ya kazi gani.

Mwandiko huo ni wa kalamu bapa za Ulaya ya zamani. Mchapaji Gutenberg alipochapa Biblia kule Mainz, Ujerumani, mnamo 1455, alitengeneza herufi za kuuiga, na msomaji wake alikuwa na kitabu mezani, hakuwa ndani ya lori. Herufi kubwa kazi yake ni kufungua neno, ndiyo maana imejaa mikunjo na vistari. Ndogo zinafuata zimenyooka. Ukipanga kubwa tisa mfululizo, ni milango tisa, nyumba hakuna. Ndogo nazo zina taabu yake kwenye Kiswahili: i, n, m, u zote ni vijiti vilivyosimama. Andika "muumini" uone, utadhani uzio wa mabanzi ya shamba la miti la Sao Hill.

Sisemi ni mbaya. Ni nzuri sana, na kwa kinyozi inapendeza. Ila iwe neno moja, herufi kubwa moja mwanzoni, basi. Hata gazeti la New York Times linaiweka kwenye jina lake pale juu tu, habari zote ni maandishi ya kawaida.

Kwa hiyo andika Kinyozi kwa Old English, Makini na namba ya simu kwa herufi nyoofu, nene. Kabla hujatoa hata mia, printi kwenye karatasi, bandika mlangoni, vuka barabara, mwombe mama muuza ndizi akusomee. Akisita tu, rudi kwa fundi abadilishe.