Timu iliyopanda ghafla, usiipime kwa pointi tu

Mdogo wangu wa Chake Chake, umeuliza kama timu yako ya hoki ya barafu, iliyokuwa mkiani msimu uliopita na sasa iko juu, inaweza kweli kuchukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini. Msimamo wa ligi peke yake usikuhadae. Colorado Avalanche msimu wa 2013-14 walipata pointi 112, ilhali wapinzani ndio waliokuwa wakipiga mashuti mengi zaidi. Kipa wao, Semyon Varlamov, ndiye aliyewabeba. Wakatolewa raundi ya kwanza, na msimu uliofuata hata hatua ya mtoano hawakuingia.

Basi ukiamka saa tisa usiku kuwatazama, hesabu mashuti wakiwa watano kwa watano (bila kuhesabu makipa), si pale mpinzani anapopungukiwa mtu. Wakiwazidi wenzao mwezi hadi mwezi, na hata kipa wa akiba akikaa golini bado wanashinda, hapo nami nitawaamini. Ushindi mfululizo dhidi ya vibonde mimi siuhesabu kabisa.

Lakini usikate tamaa mapema: St. Louis Blues walikuwa wa mwisho ligi nzima mwanzoni mwa Januari 2019, na Juni wakalibeba kombe. Subiri mechi za Machi, hasa za ugenini kwa vigogo, kisha tuandikie tena.