Maswali ya Wasomaji: Sifongo ni Mnyama wa Namna Gani?

SWALI: Hapa Jambiani akina mama hufuga sifongo wa kuogea kwenye kamba baharini. Tunaambiwa ni wanyama, ilhali hawana mdomo wala damu, na hukatwa vipande vikapandwa kama mihogo. Mbona basi wapo sifongo wengine ambao ukiwashika mkono huwasha? Wataalamu huwapangaje? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ni ya siku nyingi. Linnaeus mwenyewe, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka mfumo wa majina ya viumbe, alipompa sifongo wa kuogea wa Bahari ya Mediterania jina la Spongia officinalis mwaka 1759, alimworodhesha katika juzuu la mimea, pamoja na mwani. Kilichokuja kumaliza ubishi ni maji. Katika miaka ya 1820 mwanasayansi Robert Grant wa Uskoti alieleza jinsi alivyoyaona yakibubujika kutoka katika matundu makubwa ya sifongo aliye hai. Maji hayo huingilia vitundu vidogo vya ngozini na kupita katika vyumba vilivyotandwa seli zenye mjeledi mmoja mmoja (kiuzi kinachopigapiga maji), ambazo ndizo huyasukuma na kunasa bakteria na chembe nyingine za chakula. Huko ndiko kula kwake. Mtoto wake naye huogelea kwanza, kisha hujibandika mwambani asihame tena.

Kipande kilichokatwa hakifi kwa sababu hakuna moyo wala ubongo wa kupotea, na seli nyingi zaweza kubadili kazi. Mwaka 1907 mwanabiolojia H. V. Wilson, huko Marekani, alimkamua sifongo katika kitambaa hadi seli zikatawanyika, nazo zikajikusanya upya na kuwa sifongo.

Sasa upangaji. Sifongo wote wamo katika faila (kundi kuu la wanyama) ya Porifera, yenye spishi zaidi ya 8,000 katika ngeli, yaani matabaka, nne, na shahidi mkuu wa kuzitenga ni kiunzi. Kalkarea wana sindano za chokaa. Heksaktinelida, ambao wengi huishi kilindini, wana sindano za silika (madini ya kioo) zenye ncha sita. Demospongie ndio wengi kupita wote, na kwa kawaida hujengwa kwa sindano za silika, kwa nyuzi za sponjini (protini ngumu inayonyumbuka), au kwa vyote viwili. Homoskleromofa ni kundi dogo lililotengwa nao miaka ya karibuni. Kinachochoma mkono mara nyingi ni sindano hizo, na baadhi ya spishi huongeza sumu, kwa hiyo usiwashike bila glavu.

Spongia officinalis ni Demospongie wa oda (kundi ndani ya ngeli) ya Diktioseratida, familia ya Spongiidae, asiye na sindano hata moja: akishaoshwa ngozi na nyama yake, hubaki wavu wa nyuzi laini tu. Umbo halitoshi kumtambua, maana hubadilika kwa mkondo na mahali. Mtaalamu hutazama nyuzi kwa hadubini. Zile kuu, zinazoelekea ngozini, hubeba chembe za mchanga ndani yake, na zile nyembamba zinazoziunganisha huwa safi. Jamaa yake Hippospongia communis, anayeuzwa pia kwa kuogea, hujulikana kwa mapango makubwa yaliyomtoboa mwili mzima.