Fei alilipa, mbona hakuachiwa?

Mkuu umeuliza kama kiungo Fei Toto (Feisal Salum) aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu yake Yanga Desemba 2022 (mia ya kuvunja mkataba, 12 za mishahara ya miezi mitatu) kwa nini bado akaambiwa ni mchezaji wao. Pesa peke yake haivunji mkataba bana. Mkataba ulikuwa mpaka Mei 2024, na Yanga wakasema hawajakaa naye mezani, we unamtumia mtu hela afu unaaga instagramu? Kamati ya TFF (shirikisho la soka Tanzania) ikawapa Yanga haki, akaomba marejeo yakagonga mwamba.

Alafu cheki kanuni za FIFA, kuvunja mkataba upande mmoja katikati ya msimu hairuhusiwi kabisa, labda uwe na sababu ya msingi, kwa mfano klabu haijakulipa mishahara miwili, unawaandikia kwa maandishi unawapa siku 15, wakikaa kimya unasepa zako. Sasa Fei alikuwa analipwa, milioni 4 kwa mwezi, ndogo kwa kiungo wa kiwango chake nakubali (ile stori kwamba alikuwa anakula ugali na sukari ilituuma wengi), ila ndogo sio sawa na haijalipwa.

Na mwisho hakutoka kwa kesi, alitoka Juni 2023 baada ya mama Samia kuwaambia Yanga wayamalize, ndo klabu ya Azam wakamnunua. Yaani wakakaa mezani vilevile, miezi sita baadae.